Daktari mmoja wa mifugo, eneo zima: tuanzie wapi?

Swali: "Daktari, mimi ni katibu wa ushirika wa wafugaji. Wanachama wetu wana ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kondoo, na wachache wana kuku na mbwa wa ulinzi. Kwa miaka mingi tulikuwa na madaktari wa mifugo wawili. Mmoja amestaafu, na kijana aliyekuja kuziba pengo aliondoka kabla ya kumaliza miezi minane. Aliyebaki anahudumia eneo ambalo kulivuka kwa gari ni saa tatu, na umri umeanza kumtupa mkono. Ukimpigia usiku, mara nyingine hapokei, na wanachama wamenuna. Katika kikao chetu wapo wanaotaka tumsomeshe kijana wetu udaktari wa mifugo, wapo wanaotaka tujenge nyumba na kliniki ili tumvutie mgeni, na wapo wanaosema wauza dawa wanatosha, tusijisumbue. Fedha tulizo nazo zinatosha jambo moja tu. Tufanye lipi?"

Ndugu katibu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu linarudi kwa yule kijana aliyeondoka kabla ya miezi minane. Kikao chenu kinabishana namna ya kumpata daktari, lakini daktari mlishampata. Alikuja, akafungua mizigo, akafanya kazi, kisha akaondoka. Mkimleta mwingine leo bila kubadili kilichomwondoa huyu, mtaniandikia barua hii tena mwakani, na safari hiyo mtakuwa mmekwisha kutumia akiba yenu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kati ya nyumba, masomo na wauza dawa, tuitazame kazi yenyewe. Nimeifanya miaka mingi, miwili kati ya hiyo nikiwa peke yangu katika eneo kama lenu, na miaka ya karibuni nimekuwa nikikaa na vyama vya wafugaji wenye shida kama yenu. Ninachokiona karibu kila mahali ni hiki: upungufu wa daktari wa mifugo huanza pale kazi inapokuwa haibebeki kwa mtu mmoja. Idadi ya madaktari katika nchi huja baadaye. Unaweza kuwa na nchi yenye wahitimu wanaotafuta ajira mijini, na kilomita mia mbili kutoka hapo ng'ombe anakufa kwa kukosa mtu wa kumgeuza ndama tumboni.

Hebu tuhesabu siku moja ya daktari wenu. Asubuhi ana simu nne. Mfugaji wa kwanza yuko kilomita 40, wanaofuata wako kilomita 25 au 30 mmoja kutoka kwa mwenzake, kisha kuna safari ya kurudi. Jumla tuseme kilomita 160. Kwa barabara ambayo gari haliwezi kupita kilomita 30 kwa saa, hapo ni zaidi ya saa 5 za usukani. Akitumia dakika 40 kwa kila mnyama, kazi ya udaktari yenyewe haifiki saa 3. Siku imekwisha, ametibu wanyama wanne, na ada ya wanyama hao wanne ndiyo inayopaswa kulipa mafuta, tairi, dawa na chakula cha watoto wake. Ndipo simu ya usiku inapoingia.

Kuna usiku mmoja ambao sijausahau. Niliitwa kwa mtamba aliyekuwa akizaa kwa mara ya kwanza. Nilifika karibu saa nane usiku, nikavua shati, nikanawa mkono hadi begani kwa maji ya sabuni, nikaingiza. Nilikuta mguu mmoja tu wa mbele, kichwa kimegeukia nyuma, na mji wa mimba umekauka kabisa. Ndama alikuwa amekufa tangu mchana. Mwenye ng'ombe, mzee mpole sana, aliniambia kwa upole kuwa alisubiri kwanza kabla ya kunipigia, aone kama mtamba atazaa mwenyewe, kwa sababu mwezi uliotangulia alinipigia nikashindwa kuja. Hakunilaumu. Alikuwa ananieleza tu hesabu yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi: kama daktari haji, kumpigia mapema kuna faida gani? Tulimwokoa mama, ndama tukamtoa vipande vipande. Nilirudi nyumbani alfajiri, na saa moja asubuhi simu ilikuwa inaita.

Katika kisa hicho umeona duara lenyewe. Daktari yuko mbali, kwa hiyo mfugaji huchelewa kupiga simu. Akichelewa, mnyama hufikiwa akiwa mahututi, na tiba ya mahututi ni ghali na mara nyingi haifaulu. Isipofaulu, mfugaji husema daktari ni gharama ya bure, na safari ijayo huanza kwa muuza dawa. Wito hupungua, kipato cha daktari hupungua, na wito unaobaki ni ule mbaya tu, wa usiku na wa mbali. Kijana aliyetoka chuoni akiwa na deni la masomo hawezi kukaa humo. Na anayekaa, kama mzee wenu, huanza kuzima simu usiku. Nawaombeni msimnunie. Mtu aliyeko zamu siku 365 kwa mwaka hana zamu, ana kifungo. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba hatari ya kujiua miongoni mwa madaktari wa mifugo ni mara 3 hadi 4 ya ile ya watu wote kwa jumla. Sababu zake ni nyingi, lakini upweke na kazi isiyokatika vimo ndani yake, na ndiyo maana jambo la zamu silichukulii kuwa dogo.

Sasa nirudi kwenye hoja za kikao chenu. Niseme wazi kwamba kila upande una punje ya ukweli.

Naanza na wauza dawa, kwa sababu ndilo wazo la hatari kuliko yote na ndilo rahisi kuliko yote. Chukua homa ya maziwa. Ng'ombe mzuri, mwenye maziwa mengi, amezaa jana. Leo amelala chini, hawezi kusimama, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, masikio ya baridi, pua kavu. Mfugaji anakwenda dukani anasema, "Ana homa ya maziwa." Muuzaji anasikia neno "homa" anatoa antibiotiki. Lakini ugonjwa huu, pamoja na jina lake, hauna homa. Ukimpima, mara nyingi joto lake liko chini ya lile la kawaida, ambalo kwa ng'ombe mkubwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi. Kilichotokea ni kwamba kiwele kimeanza ghafla kuvuta kalsiamu kwenye damu kuliko mifupa na utumbo vinavyoweza kuirudisha, na misuli imeishiwa nguvu. Antibiotiki haimsaidii chochote. Anachohitaji ni kalsiamu, na ikiingizwa kwenye mshipa lazima iingie polepole huku mtu anasikiliza mapigo ya moyo, maana ikiingia kwa haraka moyo husimama. Akipata tiba sahihi, wengi husimama ndani ya saa chache. Asipoipata, anaweza kufa siku hiyohiyo. Tofauti kati ya ng'ombe hai na mzoga hapo ni mtu aliyemtazama mnyama na kumwekea kipimajoto. Chupa ya dawa haimtazami mnyama.

Halafu kuna madhara yasiyoonekana siku hiyo. Mtu akinunua antibiotiki bila kipimo, akachoma siku mbili, akaacha kwa sababu ng'ombe ameanza kula, vijidudu vinavyosalia ni vile vilivyoweza kustahimili dawa. Hivyo ndivyo usugu unavyojengwa, na usugu huo haubaki zizini. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa yakiuzwa kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa haujaisha, mnywaji anakunywa dawa, na msindikaji anashangaa maziwa hayagandi kwa sababu dawa imeua vimelea vya kugandishia. Nimeona ushirika ukirudishiwa tangi zima la maziwa kwa ajili ya mwanachama mmoja. Muuza dawa mwadilifu, anayefuata maelekezo ya daktari, ni rafiki wa wafugaji na mtamhitaji. Badala ya daktari, hapana.

Hoja ya kumsomesha kijana wenu naipenda, na nisingependa mwifute. Inajulikana, kwa madaktari wa watu na wa wanyama pia, kwamba aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini kuliko aliyekulia mjini. Lakini masomo ya udaktari wa mifugo huchukua miaka 5 au 6 katika nchi nyingi, na mhitimu mpya anahitaji mwaka mmoja au miwili zaidi chini ya mkongwe kabla ya kuachwa peke yake na upasuaji wa usiku. Kijana mtakayempeleka leo hatawafaa kabla ya miaka sita, pengine minane. Na akirudi akakuta kazi ileile iliyomkimbiza mwenzake, mkataba wa karatasi hautamshika. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2003 iliweka utaratibu wa serikali kulipa deni la masomo la daktari anayekubali kufanya kazi miaka 3 katika eneo lililotangazwa kuwa na upungufu, na malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010. Ni utaratibu mzuri. Angalia hata hivyo kwamba unamlipa mtu aliyekwisha hitimu, kwa kazi anayoifanya sasa, wala haununui ahadi ya mtoto wa miaka kumi na minane. Kama mnataka kusomesha, anzeni kidogo: kila likizo mwekeni mwanafunzi mmoja au wawili wa chuo cha mifugo wakae na daktari wenu wiki sita, mkiwapa malazi na usafiri. Kitu hicho hakigharimu sana, na mwanafunzi aliyewahi kushika ndama wa kwanza kwenu huwakumbuka.

Nyumba na kliniki sasa. Hapa naomba mnisikilize hasa, maana najua ndiyo hoja yenye wafuasi wengi. Jengo linaonekana na lina uzinduzi. Lakini ng'ombe mgonjwa hapandi ngazi za kliniki. Kwa mifugo mikubwa, daktari ndiye anayemfuata mnyama, na kliniki nzuri iliyo mbali na mazizi haipunguzi hata kilomita moja ya zile 160. Nyumba nzuri itamfurahisha mke au mume wa daktari, na hilo ni jambo la maana. Familia nyingi huondoka kwa sababu mwenzi hana kazi na watoto hawana shule. Ila nyumba hiyo mnaweza kuikodi. Msiijenge kwa akiba yenu ya mara moja.

Kabla sijasema ningefanya nini mimi, niondoe dhana mbili ambazo huenda zimo kikaoni hata kama hukuzitaja. Moja ni kwamba mkipandisha mshahara mambo yatakwisha. Mshahara mdogo humfukuza mtu, kweli, lakini mkubwa pekee haumkalishi. Nimewaona walioacha kipato kizuri kwa sababu hawakuwahi kulala usiku mzima. Nyingine ni kwamba "tupewe mwanamume, wanawake hawataki ng'ombe". Katika nchi nyingi wanawake sasa ndio wengi darasani, na baadhi ya mikono bora niliyoiona ikigeuza ndama ni ya wanawake. Kazi hiyo inataka akili na subira kuliko misuli. Mwenye watoto wadogo, awe mama au baba, hawezi kuwa zamu kila usiku. Mkimkataa mwanamke kwa sababu ya zamu, mnakiri kwamba zamu zenu hazimfai binadamu yeyote.

Fedha zingekuwa zangu, ningeziweka kwenye kuifanya saa moja ya daktari iwafikie wanyama wengi zaidi. Na hapo ningeanza na kitu kisicho na mvuto hata kidogo: vibanio vya kushikia ng'ombe. Nguzo imara, njia nyembamba ya kuingilia, mahali pa kufunga kichwa, sakafu isiyoteleza, maji karibu. Vitano au sita, vilivyogawanywa ili kila mwanachama aweze kufika kwa miguu na wanyama wake. Turudi kwenye hesabu yetu. Daktari akienda mahali pamoja kilomita 40 na kurudi, ametumia saa 2 na dakika 40 barabarani badala ya zaidi ya 5. Kwenye kibanio kizuri, kupima mimba ng'ombe mmoja ni kama dakika 5. Ndani ya saa 5 amepima ng'ombe 60. Siku ileile, gari lilelile, mtu yuleyule. Na kila mmoja wa hao 60 analipa kidogo, bila gharama ya safari ya peke yake. Jambo hili halihitaji kibali cha mtu yeyote, mnaweza kuanza msimu huu. Wekeni kalenda: kila kibanio siku moja ya mwezi, isiyobadilika, kwa chanjo, kupima mimba, kwato, dawa ya minyoo, na ushauri. Baada ya mwaka mtaona simu za usiku zinapungua, kwa sababu mengi ya dharura ya usiku ni mambo ya mchana yaliyoachwa.

La pili ni kipato kisichotegemea msiba. Daktari akilipwa kwa wito tu, mwezi ambao mifugo yenu ina afya yeye ana njaa. Hiyo ni hesabu mbovu. Kila mwanachama achangie kiasi cha mwaka kwa kila kichwa cha mnyama, ushirika ukusanye, mkate kwenye maziwa kama mnavyokata mengine, na daktari apate malipo ya msingi kila mwezi kwa zile siku za kibanio. Wito wa dharura uendelee kulipiwa, kwa bei inayojulikana na isiyo ya kukomoa. Chama cha maziwa cha wilaya ya Kaira huko India, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilijenga huduma yake ya mifugo kwa mpango unaofanana na huu: madaktari wakitembelea vijiji kwa ratiba, wito wa dharura ukilipiwa pembeni, na kila kijiji kikiwa na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Hawakusubiri kila kijiji kiwe na daktari wake.

Huyo mtu wa huduma ya kwanza ndiye jambo la tatu, na ndiye atakayezua ubishi kuliko mengine. Nazungumzia mhudumu wa afya ya mifugo: mtu wa hapo hapo, anayeaminiwa na wafugaji, aliyepewa mafunzo ya kweli na anayefanya kazi chini ya daktari. Madaktari wengine wa kizazi changu humwona kama mlango wa nyuma wa kuingizia watu wasio na elimu. Nilikuwa mmoja wao. Kilichonibadilisha ni historia ya sotoka. Ugonjwa ule ulifyeka ng'ombe kwa karne nyingi, na ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufikia hatua hiyo. Maeneo ya mwisho kuwa magumu yalikuwa yale yasiyofikika, ya wafugaji wanaohama, kama Afar nchini Ethiopia, ambako gari na barafu ya kuhifadhia chanjo havikufika. Ilipopatikana chanjo iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila jokofu, waliotembea nayo kwa miguu hadi kwenye makundi walikuwa wahudumu wa jamii, wafugaji wenyewe waliofundishwa. Madaktari walipanga, wakafundisha, wakakagua. Peke yao wasingeweza.

Lakini nikuonye, maana nimeona pia mpango kama huu ukivunjika. Mhudumu aliyefundishwa wiki mbili, akapewa mfuko wa dawa na baiskeli, kisha akasahauliwa, ndani ya mwaka anakuwa muuza dawa mwingine, tena asiye na duka. Anayedumu ni yule mwenye daktari anayempokelea simu, mwenye daftari linalokaguliwa kila mwezi siku ya kibanio, mwenye malipo halali kwa anachokifanya, na mwenye mipaka iliyoandikwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa ujuzi anaopaswa kuwa nao msaidizi wa daktari wa mifugo. Mwombeni daktari wenu auangalie kabla hamjamchagua mtu. Na sheria ya nchi yenu ndiyo itakayosema nani anaruhusiwa kuchoma sindano gani. Msiikisie, ulizeni baraza la madaktari wa mifugo kwa maandishi.

Fikiria tena yule ng'ombe wa homa ya maziwa, sasa kukiwa na mhudumu. Anafika baada ya nusu saa kwa pikipiki. Anapima joto: nyuzi 37.6. Anagusa masikio. Anapiga picha tatu, ya mnyama mzima kutoka ubavuni, ya ute wa ndani ya jicho, ya kinyesi, anampigia daktari. Daktari kwa dakika tano anajua anachoshughulika nacho, anasema nini kifanyike mara moja na kama ni lazima aje mwenyewe. Ushauri wa simu kwa mfugaji anayesema tu "ng'ombe ameanguka" ni kubahatisha. Ushauri huohuo kukiwa na macho yaliyofunzwa upande wa pili ni udaktari. Ila lazima ulipiwe. Dakika tano za ushauri ni kazi, na daktari anayetoa bure ushauri wa simu kumi kila usiku ndiye yule anayeishia kuzima simu.

Zamu ndizo za nne. Daktari mmoja hawezi kuwa na zamu, kwa hiyo tafuteni wa pili, hata kama si wenu. Zungumzeni na ushirika wa jirani na wa baada ya huyo. Madaktari watatu wa maeneo matatu wakipokezana wikendi, kila mmoja anapata wikendi mbili za kupumzika kati ya tatu. Safari za dharura zitakuwa ndefu zaidi wikendi hizo, na wanachama watalalamika. Waelezeni kwamba daktari aliye mbali kidogo ni bora kuliko aliyehama. Nchini Norwe, tangu mwaka 2008, ni wajibu wa halmashauri za mitaa kuhakikisha huduma ya daktari wa mifugo inapatikana, na zamu za usiku hupewa ruzuku na serikali, kwa sababu waliona kwamba katika maeneo yenye mifugo michache ada peke yake haiwezi kulipa usiku wa mtu. Nanyi pelekeni hoja hiyo kwa halmashauri yenu. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ukaguzi wa nyama, taarifa za magonjwa ya mlipuko: hayo yanawalinda hata wasiofuga, na si haki gharama zake zibebwe na mwenye ng'ombe watatu. Mbwa ndio chanzo cha karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa, hadi 99 kati ya 100. Daktari wa mifugo akiondoka, daktari wa watu ataanza kuona matokeo yake. Barani Afrika tuliliona hili miaka ya 1980 na 1990, serikali nyingi zilipopunguza huduma za mifugo zikitarajia madaktari binafsi wajaze nafasi. Walijaza mijini na kwenye maeneo yanayozalisha maziwa mengi. Nyanda za mbali zikabaki tupu.

Nikirudi kwenye swali lako, "tufanye lipi", jibu langu ni vibanio kwanza, na kinachobaki kilipe mafunzo ya wahudumu wawili chini ya daktari wenu wa sasa akiwa bado ana nguvu za kufundisha. Mkataba wa mwaka wa malipo ya daktari na zamu za pamoja havihitaji akiba, vinahitaji vikao, na vikao mnavyo. Siwaahidi kwamba mtapata daktari wa pili mwaka huu. Mnaweza msimpate. Lakini atakayekuja kutazama atakuta ratiba, kipato cha msingi, wasaidizi wawili na wikendi za kulala. Kazi ya namna hiyo inaweza kutangazwa bila kumficha mtu chochote.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mpango wowote, na naomba uyasome kikaoni jinsi yalivyo. Mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, msimpasue, msimchune, msimle, fukuzeni mbwa na watoto, piteni mbali, mwiteni daktari au afisa mifugo; huenda ni kimeta. Ng'ombe wakianza kutupa mimba mmoja baada ya mwingine, msishike kondo kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Malengelenge mdomoni na kwenye kwato kwa wanyama kadhaa, funga kundi, usihamishe hata ndama. Mbwa aliyebadilika tabia akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ng'ombe anayesukuma kwa nguvu kwa muda wa saa moja bila ndama kusogea anahitaji mkono wa daktari, na simu ipigwe wakati huo, isingoje usiku. Kwa haya piga hata kama daktari yuko mbali. Akishindwa kuja, atajua ni nani wa kumpigia.

Na ninyi wenyewe kama ushirika, msifunge mkataba wowote wa malipo au wa wahudumu kwa kunitegemea mimi niliye mbali. Mwalikeni daktari mkuu wa mifugo wa eneo lenu akae nanyi siku nzima, atembee kwenye barabara zenu, aone mnapotaka kujenga vibanio. Yeye anajua sheria na anajua magonjwa yanayozunguka huko. Mzee wenu naye akae mezani tangu mwanzo, asiitwe mwishoni kusikia uamuzi.

Kabla ya kikao hicho, mpigie simu yule kijana. Usimlaumu, mwulize tu ilikuwaje: alilala saa ngapi, alilipwa lini, alimpigia nani alipokwama, mwenzake nyumbani alikuwa anasema nini. Andika majibu yake kama alivyoyatamka, uyapeleke kikaoni kabla ya hoja nyingine yoyote.